Maswali ya Wasomaji: Je, Tununue Mazda CX-5 ya Dizeli?

SWALI

Mhariri mpendwa, pokea salamu zangu. Mimi ni muuguzi, naishi South B pamoja na mume wangu na watoto wetu wawili, na kwa miaka kadhaa tumekuwa tukiweka akiba katika sacco ili tununue gari letu la kwanza. Katika yadi moja ya Barabara ya Ngong tumeona Mazda CX-5 ya dizeli iliyoundwa mwaka 2017, ikasajiliwa hapa nchini mwaka 2022 na kutumiwa na mtu mmoja tangu wakati huo. Ni nyekundu, ina viti vya ngozi na magurudumu ya inchi 19, na dashibodi inaonyesha kilomita 92,000. Wanataka shilingi milioni 2.4.

Kila asubuhi nitakuwa nikiwapeleka watoto shuleni Nairobi West, kisha niende kazini Upper Hill na kurudi jioni. Jumla ni kama kilomita 20 kwa siku, na nyingi ni za msongamano. Mara tatu kwa mwaka sisi huenda nyumbani Kisii. Kaka yangu mkubwa anasema dizeli ina nguvu na haili mafuta, kwa hiyo tusiiache ituponyoke. Fundi anayemtengenezea jirani yetu gari anasema nisiiguse kabisa. Dalali wa yadi ametupa muda hadi mwisho wa mwezi. Tumsikilize nani?

*Mama wa Wawili, South B*

JIBU

Dada yetu, tunakushukuru kwa kuueleza mwendo wako wa kila siku kwa ukamilifu, kwa sababu jibu limo humo zaidi ya lilivyo ndani ya gari lenyewe. Ushauri wetu ni kwamba msinunue hiyo ya dizeli. Tafuteni CX-5 hiyo hiyo, ya umri huo huo, lakini yenye injini ya petroli ya lita 2.0, nanyi mtakuwa mmepata gari la familia linalofaa sana kwa maisha mliyo nayo.

Hatusemi hivyo kwa kulidharau gari. CX-5 ya kizazi hiki cha pili, iliyoanza kuuzwa Japani mwezi Februari mwaka 2017, ni miongoni mwa magari ya kadiri yake yaliyoundwa kwa uangalifu mkubwa. Tumbo lake liko milimita 210 kutoka ardhini, kimo kinachotosha kuvuka matuta ya mitaa yetu na njia ya vumbi ya kuingia bomani bila kukwaruza. Giaboksi yake ni ya otomatiki ya kawaida yenye gia sita, si ile ya mkanda inayoitwa CVT, na hili ni jambo kubwa kwa mtu anayepanda na kushuka Bonde la Ufa akiwa na mizigo na watu watano. Usukani wake ni mwepesi na breki zake ni za kuaminika. Kaka yako akisema ni gari zuri, amesema kweli.

Tatizo ni namna injini ile ya dizeli inavyoishi, na hapa inafaa tuingie ndani kidogo, kwa kuwa watu wengi huambiwa tu kwamba dizeli ya Mazda ina matatizo bila kuelezwa ni matatizo gani wala yanatoka wapi.

Injini ya dizeli ya lita 2.2 iliyomo katika gari la mwaka 2017 hutoa nguvu farasi 175 na msukumo wa Nm 420 injini ikizunguka mara 2,000 tu kwa dakika, na ndiyo maana mtu akiijaribu kwa mara ya kwanza huipenda papo hapo. Wahandisi wa Mazda waliijenga kwa mgandamizo wa chini, 14 kwa 1, ilhali injini nyingi za dizeli za wakati huo zilikuwa juu zaidi ya hapo. Kwa njia hiyo waliweza kutimiza masharti ya moshi ya Japani bila kuongeza mfumo wa kunyunyizia urea kwenye bomba la moshi. Ulikuwa ufundi wa hali ya juu, lakini injini hiyo hurudisha sehemu ya moshi wake ndani ili uchomwe upya, na moshi huo hubeba masizi. Masizi yakikutana na mvuke wa oili katika njia ya kuingizia hewa, hugandamana na kuwa utando mweusi mzito unaopunguza njia hiyo mwezi baada ya mwezi. Kampuni yenyewe ililikiri tatizo la masizi kati ya mwaka 2018 na 2019, ilipoyaita magari yake mengi ya dizeli yarudishwe kukaguliwa kwa sababu ya kaboni iliyokuwa ikijikusanya upande wa vali.

Masizi yanayobaki huelekea kwenye bomba la moshi, ambako hunaswa na kichujio ambacho mafundi wote hukiita DPF. Kichujio hicho hakisafishwi kwa mkono katika matumizi ya kawaida. Kikikaribia kujaa, kompyuta ya gari huamuru mafuta ya ziada yaingizwe ndani ya silinda ili joto la kichujio lipande hadi karibu nyuzi 600 na masizi yateketee. Kazi hiyo huhitaji injini iliyopata moto sawasawa na gari linalokwenda bila kukatizwa kwa muda wa kama dakika 15 hadi 20. Sasa fikiria asubuhi yako: unatoka South B, unasimama kwenye mzunguko wa Nyayo, unasonga mita chache, unasimama tena, unafika Upper Hill na kuzima injini. Kazi ya kuteketeza ilikuwa imeanza, nayo imekatizwa. Jioni inaanza upya na kukatizwa tena. Yale mafuta ya ziada ambayo hayakuungua huteremka kando ya pistoni na kuchanganyika na oili chini ya injini, na oili iliyochanganyika na dizeli huwa nyepesi na kupoteza uwezo wa kulinda vyuma. Ndiyo sababu kijiti cha kupimia oili cha injini hii, juu ya alama ya kawaida ya kujaa, kina alama nyingine ya herufi X. Katika magari mengi tunachohofia ni oili kupungua, lakini katika hili oili ikipanda hadi kwenye X, ni onyo kwamba inapaswa kumwagwa mara moja.

Gari unaloonyeshwa limekuwa nchini tangu mwaka 2022. Hatujui mwenyewe wa awali alikuwa akielekea wapi kila siku, lakini kama maisha yake yalifanana na yako, basi injini hiyo imekuwa ikikatizwa kwa miaka, na utakayorithi ni masizi aliyoyaacha.

Kuhusu mafuta, tumheshimu kaka yako kwa kumpigia hesabu badala ya kumbishia. Kilomita 20 kwa siku, siku 25 kwa mwezi, ni kilomita 6,000 kwa mwaka. Safari tatu za Kisii, kwa kupitia Maai Mahiu, Narok na Bomet, ni kama kilomita 620 kila moja kwenda na kurudi, hivyo jumla yenu itakuwa karibu kilomita 8,000 kwa mwaka. Tuchukulie kwamba ya petroli itakwenda kilomita 9 kwa lita katika mwendo wenu huo mchanganyiko, na ya dizeli kilomita 12. Tuchukulie pia, kwa hesabu nyepesi, kwamba petroli ni shilingi 180 na dizeli ni shilingi 170. Petroli itawagharimu takriban shilingi 160,000 kwa mwaka, na dizeli takriban shilingi 113,000. Tofauti ni kama shilingi 47,000, yaani chini ya shilingi 4,000 kwa mwezi. Hiyo ni akiba ya kweli na hatuibezi. Lakini ukifika siku ya kubadilisha injekta, au turbo, au kichujio chenyewe, au hata kufungua tu sehemu ya juu ya injini ili utando wa masizi ukwanguliwe, malipo ya mara moja yanaweza kumeza akiba ya miaka. Mtu anayekwenda kilomita 30,000 au 40,000 kwa mwaka hesabu yake ni tofauti kabisa, na tutamfikia msomaji wa namna hiyo hapa chini.

Wapo wanaosema kwamba kosa lote ni la mafuta yetu. Kuna ukweli ndani yake, ila si wote. Dizeli ya Japani ina salfa isiyozidi sehemu 10 kwa milioni, na injini hii iliundwa ikitazamia mafuta ya aina hiyo. Kenya na majirani zake wa Afrika Mashariki waliteremsha kiwango hadi sehemu 50 kwa milioni mwezi Januari mwaka 2015, jambo lililokuwa hatua kubwa kutoka tulikokuwa. Uchakachuaji wa dizeli kwa mafuta ya taa nao ulipoteza faida yake serikali ilipoweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwezi Septemba mwaka 2018. Kwa hiyo mafuta si mabaya kama zamani. Hata hivyo, gari hilo hilo likiendeshwa kwa safari fupi za mjini huko Japani kwenyewe hujaza masizi, na hili ndilo tungependa kaka yako alisikie, kwa maana linaonyesha kwamba shida iko zaidi katika mwendo kuliko katika pampu ya kituo cha mafuta.

Twende sasa kwenye mnachopaswa kutafuta. Nambari ya chesisi ndiyo itakayowaambia ukweli kabla ya dalali kufungua mdomo. Katika kizazi hiki cha CX-5 kilichotoka Japani, chesisi inayoanza kwa KF2P ni ya dizeli ya lita 2.2, inayoanza kwa KFEP ni ya petroli ya lita 2.0, na inayoanza kwa KF5P ni ya petroli ya lita 2.5. Kwa matumizi yenu KFEP inatosha. Ina nguvu farasi 155, haina turbo, haina DPF, na mengi ya hayo husukumwa na magurudumu ya mbele peke yake, maana yake vyuma vya kutengeneza ni vichache. Itapanda Maai Mahiu polepole kuliko ya dizeli, na dereva atalazimika kungoja nafasi pana zaidi kabla ya kulipita lori. Tunaona huo ni upungufu mnaoweza kuishi nao mara tatu kwa mwaka. Ya lita 2.5 ni tamu zaidi barabarani, lakini kwenye msongamano itawaomba mafuta zaidi kila wiki.

Msivutwe na magurudumu ya inchi 19. Matairi yake, ya kipimo cha 225/55R19, ni ghali na hayapatikani kila duka, tena ukuta wake ni mfupi, kwa hiyo kila shimo la barabarani hufika moja kwa moja kwenye rimu na kwenye bushi za miguu ya gari. Magari ya daraja la chini kidogo huja na inchi 17, kipimo cha 225/65R17, ambayo kila muuza matairi wa Nairobi anayo na ambayo hulala vizuri zaidi juu ya matuta. Viti vya kitambaa badala ya ngozi pia vitawapunguzia bei, na watoto hawatalalamika.

Kuhusu rangi, nyekundu ile ya Mazda inapendeza mno, nasi tunaelewa kwa nini iliwavuta. Hupakwa kwa tabaka zinazopitisha mwanga, na mafundi wa rangi wengi hushindwa kuilinganisha baada ya ajali. Jambo hilo linaweza kuwasaidia: gari lolote jekundu la aina hii mtakaloonyeshwa, litazameni juani, asubuhi, mkiwa mmesimama pembeni, mlango mmoja baada ya mwingine. Mlango uliopakwa upya utajionyesha wenyewe kwa kuwa mweusi zaidi au wa chungwa kidogo kuliko jirani yake.

Kama gari limeagizwa karibuni, ombeni karatasi ya mnada wa Japani, ile yenye alama ya daraja kama 4 au 3.5 pamoja na kilomita zilizosomwa siku ya mnada. Herufi R badala ya namba humaanisha gari liliwahi kugongwa na kutengenezwa. Kama limekwisha kutumika hapa nchini, kumbukumbu zake ziko NTSA, mamlaka ya uchukuzi na usalama barabarani, na mnaweza kuziomba kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa kutumia nambari ya usajili. Zitaonyesha jina la mwenyewe na kama kuna benki au sacco nyingine inayolishikilia. Fanyeni hivyo kabla ya kulipa hata amana. Kisha mlipieni mkaguzi asiyefahamiana na yadi. Chama cha magari cha AA Kenya hukagua na kuthamini magari, na fundi wa jirani yenu, ambaye ameonyesha kwamba hasemi ya kumpendeza mteja, anafaa pia.

Huenda mkabishana nyumbani na mwishowe mkaamua kulitazama tena lile la dizeli. Basi nendeni asubuhi mapema, bila kutoa taarifa, na kabla injini haijawashwa. Gusa boneti, ikiwa na joto, mmetayarishiwa. Vuta kijiti cha oili, kipanguse, kirudishe, ukivute tena, na utazame kama oili imepita alama ya kujaa na kuelekea kwenye X. Inuse pia, kwa kuwa oili iliyochanganyika hutoa harufu ya dizeli waziwazi. Injini ikiwashwa ikiwa baridi, sikiliza kwa dakika nzima bila mtu kukuzungumzisha: mtetemo usio sawa na moshi mweusi pale mafuta yanapokanyagwa ni dalili kwamba njia ya hewa imejaa au injekta zimechoka. Fundi aunganishe kompyuta yake, au hata simu yenye programu ya FORScan, asome gari limekwenda kilomita ngapi kati ya uteketezaji mmoja wa masizi na mwingine. Gari lenye afya huenda kilomita mia mbili au zaidi. Likiwa linateketeza kila baada ya kilomita chini ya 100, ondokeni hapo, hata bei ikishushwa mbele ya macho yenu.

Mwende na kaka yako siku hiyo. Yeye ni mkubwa wako, naye alisema alichosema kwa kuwatakia mema, na itakuwa vyema zaidi aione herufi X kwenye kijiti kwa macho yake kuliko kusikia kutoka kwako kwamba gazeti limempinga.

Kuhusu muda wa mwisho wa mwezi, msiutie moyoni. CX-5 za mwaka 2017 na 2018 ni nyingi katika yadi za Nairobi, na anayewaharakisha ana sababu zake. Mkopo wa sacco utakapotoka, msiumalize wote kwenye bei ya gari. Bakizeni kiasi cha bima kamili, matairi, betri na huduma ya kwanza. Betri nayo ni ya aina maalumu kwa sababu gari hujizima na kujiwasha lenyewe kwenye foleni, kwa hiyo bei yake ni juu ya ile mliyoizoea.

SWALI

Mhariri, nimechelewa kusoma mashauri yenu kwa kuwa CX-5 ya dizeli ninayo tayari. Naishi Kitengela na kufanya kazi Eneo la Viwanda. Wiki hii taa ya DPF imewaka kwenye dashibodi, na fundi mmoja ameniambia dawa ni kukitoa kichujio chote na kuibadilisha programu ya kompyuta ili isikitafute tena. Anasema Nairobi nzima wanafanya hivyo. Je, nikubali?

*Msomaji, Kitengela*

JIBU

Ndugu yetu, usikubali. Taa ikiwa imewaka bila kumetameta, gari linakuomba mwendo tu. Hakikisha kwanza oili haijafika kwenye X. Kisha, siku ambayo barabara ni nyeupe, tuseme Jumapili asubuhi, chukua barabara ya kuelekea Kajiado, au ingia Expressway pale Mlolongo uende hadi mwisho wake Westlands, ambao ni mwendo wa kilomita 27, bila kusimama na bila kuzima injini hadi taa izime yenyewe. Kama imeanza kumetameta, au kama taa ya injini imewaka pamoja nayo, usijaribu kuisafisha barabarani. Mpelekee fundi mwenye kompyuta inayoweza kuamuru uteketezaji gari likiwa limesimama.

Kukitoa kichujio hakuondoi chanzo. Masizi yataendelea kujaa katika njia ya hewa kama kawaida, isipokuwa sasa yale yaliyokuwa yakinaswa nyuma yatatoka hewani, kwenye foleni ya Barabara ya Mombasa, mbele ya pua za wachuuzi wanaotembea katikati ya magari na watoto wanaongoja matatu kando ya barabara. Chembe hizo ndogo huingia ndani kabisa ya mapafu. Tunalisema kwa uzito kwa sababu fundi wako amekueleza kama jambo la kawaida, na wingi wa wanaolifanya haulifanyi kuwa jema. Zaidi ya hayo, siku utakapotaka kuliuza, mnunuzi anayejua ataingiza kidole ndani ya bomba la moshi, na masizi meusi yatamwambia kila kitu.

Ukisha kulivuka hili, badilisha oili kila kilomita 5,000, ukitumia oili yenye alama ya DL-1, ambayo iliundwa kwa ajili ya dizeli za Kijapani zenye kichujio na huacha majivu machache. Oili ya dizeli ya malori, hata ikiwa ya jina kubwa, huacha majivu ambayo hakuna joto litakaloyateketeza, na hayo ndiyo yanayokiua kichujio kabisa. Kituo unachojaza mafuta kiwe kile chenye wateja wengi, ambako mafuta hayakai. Na mara moja kwa wiki, hata kama huna safari, lipe gari nusu saa ya mwendo usiokatizwa.

SWALI

Ninafanya biashara ya vipuri vya matrekta. Kila wiki natoka Nairobi kwenda Eldoret na kurudi, na mjini natembea kidogo sana kwa gari. Kila mtu ananitisha kuhusu CX-5 ya dizeli. Je, nami niikimbie?

*Mfanyabiashara, Kasarani*

JIBU

Wewe usiikimbie. Safari yako ya kila wiki ni zaidi ya kilomita 600, karibu zote za mwendo mrefu, na huo ndio mwendo ambao injini ile iliundwa kuutumikia; kichujio kitajisafisha bila wewe kujua, na akiba ya mafuta kwa mwaka itakuwa kubwa. Ukiweza, ruka zile za mwaka 2017 utafute zilizotoka baada ya maboresho ya mwanzoni mwa mwaka 2018, yaliyoipandisha injini hadi nguvu farasi 190 na Nm 450. Ukaguzi tuliomweleza dada yetu wa South B unakuhusu wewe pia, neno kwa neno, kwa sababu gari utakalonunua linaweza kuwa lilitumiwa na mtu wa mjini kabla yako. Mwombe muuzaji risiti za oili za miaka yote gari lilipokuwa nchini. Zikikosekana, endelea kutafuta, kwani magari haya yamejaa Kiambu Road na Barabara ya Ngong.